Amplifaya ya Fender ya valvu, ya mtumba, volti 120, nami nipo Temeke: niichukue au niiache?

SoloLaPili

Wakuu, habari za jioni. Nina jambo linaninyima usingizi, na nyumbani nimeshakatazwa kulitaja wakati wa kula, kwa hiyo nimelileta huku.

Napiga gitaa kwenye bendi ndogo ya dansi. Solo la pili, si rizimu, tusianze ule ugomvi. Jumamosi tuna ukumbi hapa Temeke, mwisho wa mwezi tunakwenda Mbagala, Jumapili nipo kwaya. Miaka sita yote nachomeka gitaa kwenye pedali, pedali kwenye mikisa, basi. Fundi mitambo akiamka vizuri nasikika. Akiamka vibaya, siku hiyo mimi ni nyuki ndani ya chupa. Sijawahi kumiliki amplifaya.

Wiki iliyopita dalali mmoja wa vyombo akanirushia picha: Fender Hot Rod Deluxe. Mwenyewe ni Mmarekani anayemaliza mkataba wake, anakaa Masaki, anauza mpaka mapazia. Ni ya wati 40, spika moja ya inchi 12, valvu (zile chupa za kioo zinazokuza sauti) mbili kubwa za 6L6 na tatu ndogo za 12AX7. Kilo 20 na kidogo, nimeinyanyua mwenyewe, mgongo unakumbuka.

Nilikwenda Jumanne baada ya kazi. Nikachomeka gitaa langu chaneli safi, mwangwi kidogo. Sasa hapa sijui nieleze vipi. Nilipiga noti moja tu juu kwenye waya wa kwanza, ikakaa. Nikiigusa taratibu inanong'ona; nikiikaza inatoa ukali kidogo pembeni, bila mimi kuzungusha kinobu chochote. Nikarudia ule mstari wa sebene ninaoupiga kila Jumamosi, nikaona aibu, maana kumbe kuna makosa ndani yake ambayo pedali ilikuwa inanifichia miaka yote.

Dalali anataka milioni moja na laki tano. Mzungu mwenyewe, dalali alipotoka kuongea na simu, akanitajia milioni moja na laki tatu. Hela ninayo, mwezi huu ni zamu yangu kupokea mchezo. Tatizo ni kwamba mama watoto anaijua hela hiyo kwa jina la mabati.

Yanayonitisha ni haya. Nyuma imeandikwa volti 120, hezi 60. Pembeni yake kuna kiboksi cha kijivu, stepdauni, cha kushusha umeme wetu hadi volti hizo, ndicho anachokitumia. Halafu sijui fundi wa valvu hata mmoja hapa mjini; wa simu wapo kila kona, wa valvu nimewasikia kwenye hadithi tu. Na sauti yake jamani! Kinobu nilikiweka kati ya 1 na 2, mbwa wa jirani akaanza kubweka. Mimi nimepanga vyumba viwili, ukuta mmoja na mama mwenye nyumba.

Mzungu anaondoka baada ya siku kumi. Mwenye uzoefu aseme.

---

Kibuyu_cha_Asali

Mabati kwanza mkuu. Valvu hazizuii mvua.

---

MzeeMita

Marahaba kijana, hata kama hukuniamkia.

Nimeshika mita tangu 1974. Nilianza na redio za valvu, zile ukiwasha unakwenda kuchota maji, ukirudi ndiyo inaanza kuongea. Enzi za bendi za mashirika chombo hakikuwa cha mpigaji. Kilikuwa cha kiwanda, cha chama au cha jeshi, kina namba ya rangi nyeupe ubavuni, na kikiharibika kinaletwa kwangu na dereva pamoja na karatasi ya kusaini. Wewe chombo ni chako na hasara ni yako, kwa hiyo nisikilize polepole.

Hofu ya valvu iondoe. Valvu ni kama balbu: ikichoka unaitoa, unaweka nyingine. Hadi leo zinatengenezwa, JJ wa Slovakia, kile kiwanda cha Saratov huko Urusi, na Wachina. Mwaka 2022 Urusi ilipozuia kwa muda zisiuzwe nje, bei ilipanda dunia nzima, lakini hazikuadimika kabisa. Tatu ndogo unachomoa na kuchomeka mwenyewe. Mbili kubwa unanunua jozi iliyopimwa pamoja, kisha fundi anapima bayasi, yaani umeme unaopita kwenye valvu zikiwa zimetulia. Mchoro wa amplifaya hiyo unataka milivolti 60 pale palipoandikwa TP30. Si lazima awe fundi wa valvu. Awe fundi anayejua kusoma mchoro, na anayeogopa umeme.

Wewe ogopa umeme. Stepdauni inashusha volti tu, hezi haizigusi. Transfoma iliyosukwa kwa hezi 60 ukiilisha 50 zetu inapata joto zaidi ya ilivyozoea. Haifi kwa hilo, lakini haina akiba kubwa. Jambo la pili, umeme wetu haukai mahali pamoja. Piga hesabu: stepdauni inayotoa 120 ukiipa 230, siku mtaa mzima umewasha pasi na umeme umeshuka hadi 190, itakupa 99 tu. Zile nyuzi za ndani ya valvu zinazotaka volti 6.3 zitapata kama 5.2. Sauti inakuwa kama ya mtu mwenye mafua. Ukipanda hadi 250, unaipa 130, na hapo ndipo vitu vinapoungua. Kwa hiyo mbele ya stepdauni kuna gharama ya stabiliza, kile kifaa cha kutuliza volti, iingize kwenye bei yako leo.

Sasa kuikagua. Mwambie asiiwashe kabla hujafika. Ukifika igeuze nyuma uisogelee. Iwe ya baridi. Muuzaji anayekupokea na amplifaya iliyokwisha kupata moto ana kitu anaficha, au hajui, kwako wewe ni mamoja. Washa, subiri dakika moja, kisha ile swichi ya stendibai, gitaa likiwa bado begani. Sikiliza. Mvumo mdogo ni kawaida. Mvumo mzito usiopungua hata vinobu vyote vikiwa sifuri, hizo ni kapasita za kuchujia, zinazosafisha umeme wa ndani, zimechoka. Chukua penseli, upande wa kifutio, gonga valvu ndogo moja moja: inayolia kama kengele kwenye spika ni ya kubadilisha, si ugonjwa wa chombo. Zima taa ya chumba. Mwanga wa chungwa ndani ya valvu kubwa ni halali yake, na wa buluu unaotambaa kwenye kioo usikutishe. Bamba la ndani likigeuka jekundu kama kaa la moto, zima hapo hapo.

Halafu ipige saa nzima, usiwe na haraka. Kwenye hizo Hot Rod kuna rezista mbili zinazojulikana kwa kila fundi, R78 na R79. Zinapata moto, na miaka ikipita risasi ya kulehemu iliyozishika kwenye bodi hupasuka. Ikiwa baridi huoni kitu. Ikishapata moto, mwangwi unapotea au chaneli zinakataa kubadilika. Ni kazi ya nusu saa, lakini muuzaji asikwambie eti ndivyo ilivyotoka kiwandani.

Usiifungue mwenyewe. Ndani mna zaidi ya volti 400, na kapasita hubaki nazo hata umechomoa waya ukaenda kunywa chai. Na usiiwashe hata siku moja spika ikiwa imechomolewa, utaua transfoma ya kutokea, ile inayolisha spika.

Ukienda, angalia ndani kwenye kikaratasi cha ukaguzi kuna herufi mbili. Niletee.

---

Rumba_Kavu

Mzee amesema vizuri, mimi nitasema vibaya kidogo. Niko Kigoma, napiga solo. Sebene inataka usafi, na usafi hauhitaji valvu. Amplifaya ya Roland JC-120 ipo tangu 1975, ni ya transista tupu, volti unachagua ya kwako unaponunua, na wapigaji kibao wa rumba wamesimama mbele yake wakiridhika. Haina cha kupata moto wala kubembelezwa.

Halafu nikuulize, mkuu. Hiyo Fender ukumbini si itawekewa maiki mbele? Na maiki hiyo si itakwenda kwenye mikisa ileile? Na mikisa si anayo yule yule aliyeamka vibaya? Tatizo lako lina miguu miwili na linalipwa elfu thelathini kwa usiku.

---

Besi_ya_Kibokoni

Hamjambo. Mimi ni mpiga besi, Mombasa. Kaka SoloLaPili, kabla ya hayo mengine yote, uliangalia plagi?

Nauliza kwa sababu. Plagi ya Kimarekani ya amplifaya ina pini tatu: mbili bapa na moja ya duara. Ya duara ndiyo ya ethi, inayopeleka umeme uliovuja ardhini. Hizi stepdauni ndogo nyingi zina matundu mawili tu bapa. Basi mtu anafanya nini? Anachukua koleo, anaikata ya duara, chombo kinawaka, maisha yanaendelea. Mwenzetu mmoja hapa alikuwa na amplifaya ya namna hiyo. Siku ya harusi, uwanja umelowa, mkono kwenye nyuzi, akasogeza mdomo kwenye maiki aitikie kiitikio. Tuliona kichwa kinarudi nyuma kama amepigwa kofi. Mdomo ukavimba siku mbili, na alikuwa na bahati. Bwana harusi alidhani ni staili.

Nyuzi za gitaa zimeunganishwa na bati la amplifaya. Bati likikosa ethi, ethi ni wewe.

Na kwa sisi wa pwani, pekua pekua nyuma kwa tochi. Chumvi ya hewa inakula soketi za valvu, inakula jeki, inakula bati la transfoma. Ukiona unga wa kijani kwenye pini, shusha bei au uondoke. Masaki si mbali na maji.

---

SoloLaPili

Shikamoo mzee, na unisamehe ya mwanzo. Dada wa Kibokoni, nadhani umeniokoa mdomo.

Nimerudi leo mchana, bila dalali. Nimechukua tochi, penseli na kijana wangu wa miaka saba wa kugonga valvu, maana ana mkono mwepesi.

Ilikuwa baridi. Kitu cha kwanza nikashika plagi. Pini ya duara haipo! Imekatwa safi, unaona na alama ya koleo. Nikamwonyesha mwenyewe, akashangaa kwa dhati, anasema aliyemfungia vyombo alipohamia ndiye aliyemwunganishia. Amepiga hivyo hivyo miaka mitatu, peke yake, chumbani, viatu miguuni. Hajawahi kuwa na maiki.

Kile kiboksi cha kijivu nikakigeuza. Wati 100. Amplifaya yenyewe nyuma imeandikwa wati 180. Kumbe kilinunuliwa kwa ajili ya mashine ya juisi. Anasema kilikuwa kinapata moto "kidogo". Nilikishika baada ya dakika ishirini, nikakiachia. Ungeweza kunyooshea kola ya shati. Kwa hiyo mzee ile saa nzima sikuimaliza kwa kupiga, niliiacha inawaka tu na mara moja moja nagusa nyuzi, viatu miguuni mimi pia. Chaneli zilibadilika kila nilipokanyaga swichi na mwangwi haukupotea, lakini nakiri haikuwa mtihani kamili.

Mvumo ni mdogo. Valvu kubwa ziliwaka chungwa, buluu kidogo kwenye kioo, hakuna kaa la moto. Kijana akagonga zile ndogo: ya kwanza kimya, ya pili kimya, ya tatu ikalia ting'! Akafurahi, akataka kurudia. Kwenye soketi hakuna unga wa kijani, ila skrubu za pembeni zina kutu. Spika haijachanika.

Herufi ni MC.

Rumba_Kavu, swali lako nilitembea nalo kwenye daladala. Ni kweli maiki itakwenda kwa yule yule. Lakini leo pale jukwaani sijisikii. Nasikia ngoma, nasikia mwimbaji, gitaa langu nalibahatisha kwa vidole. Nikiwa na kitu nyuma ya magoti yangu kinachotoa sauti yangu, yeye hata akinizima huko mbele, bendi inanisikia na mimi najisikia. Najua JC-120 nayo ingefanya kazi hiyo. Ila JC-120 haiuzwi Masaki wiki hii. Ikija Kigoma na wewe ukaipata, usiniambie bei.

Sasa mzee, MC ni nini, na nimpe ngapi?

---

MzeeMita

Marahaba. Herufi ya kwanza ni mwaka, ya pili mwezi. M ni 2002, C ni Machi. Basi kapasita zake zina miaka zaidi ya ishirini, na kapasita za kuchujia zikifika umri huo hupangi kama utazibadilisha, unapanga lini. Kwa sasa hazivumi, shukuru, lakini hela yake iweke kando.

Fanya hesabu yako hivi mbele yake, kwa kalamu, aone. Seti nzima ya valvu, maana hizo kubwa hujui zimepiga saa ngapi. Kapasita. Stepdauni ya wati 500 yenye matundu matatu na ethi inayopita hadi upande wa pili. Usichukue ya 200 eti inatosha, hiyo ya 180 ukiikaba itakaba na wewe. Muulize muuzaji kama nyuzi za kuingilia na za kutokea zimesukwa mbalimbali au ni waya mmoja uliogawanywa. Ya kwanza ni nzito na ghali, ndiyo ununue. Stabiliza. Plagi mpya ni hela ya chipsi. Hayo yote toa kwenye bei yake. Ukianza na laki tisa hutakuwa umemtukana.

Atatokea mtu akwambie fundi wa kusuka mota anaweza kuisuka upya transfoma iwe ya 230. Mota anazijua, sibishi. Lakini hiyo transfoma ina nyuzi za volti kubwa, nyuzi za 6.3, na nyingine ndogo za chaneli na mwangwi, zote tumbo moja. Karatasi ya kutenganishia ikikosewa hapo, inaungua usiku wa pili na mnajikuta mmenunua spika yenye mpini. Kaa na stepdauni.

Kuhusu mama mwenye nyumba: juu kwenye paneli kuna matundu mawili ya jeki, moja la kutoka sehemu ya mbele, moja la kuingilia sehemu ya nguvu. Weka kati yake kiboksi kidogo chenye kinobu cha sauti. Fundi yeyote wa redio anakutengenezea. Kile kinobu chake cha 1 na 2 unakisahau, unaongoza na hiki.

---

Kibuyu_cha_Asali

Laki tisa, stepdauni, stabiliza, valvu, kapasita, kiboksi. Mabati ya geji 30 yanasemaje?

---

SoloLaPili

Nimerudi, siku nne baadaye.

Nilikwenda na kikaratasi cha hesabu kama mzee alivyosema. Mzungu akakisoma chote, akauliza kapasita ni zipi, nikamwonyesha kwa kidole bila kugusa. Tukaanza laki tisa, tukaishia milioni moja na elfu hamsini. Dalali nimempa elfu hamsini yake kutoka mfukoni kwangu, maana picha aliileta yeye, na Dar ni ndogo. Kile kiboksi cha kijivu nimekikataa, nimemwambia akirudishe kwenye juisi.

Mama watoto nilimwambia kabla, si baada. Sitasimulia mazungumzo yote. Mabati yamesogea hadi mwezi wa nane, na hela ya ukumbi ya Jumamosi, kuanzia sasa hadi mwezi wa nane, haipiti mkononi mwangu. Mwenye bendi ameshapewa namba ya simu ya kuitumia. Kibuyu, umeridhika?

Fundi nimempata, wa redio za polisi mstaafu, yupo Keko. Nilimtajia R78, akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza. Valvu ndogo moja ninayo tayari, nyingine zitafuata. Plagi nimebadilisha, pini tatu. Stepdauni ya wati 500 inakuja na gari la Jumatatu, ananiambia muuzaji, na niliambiwa hivyo hivyo Jumatatu iliyopita.

Kwa hiyo amplifaya ipo sebuleni, nimeifunika kanga dhidi ya ile hewa ya chumvi, haijawashwa hata mara moja. Kijana ndiye anayeikalia akiangalia katuni. Nikimwambia ashuke anaigonga ubavuni kwa penseli, anasikiliza, ananiambia baba hii ni nzima.